Gemu la zamu ya usiku kwenye Linux: Proton, Bottles, au nirudishe Windows?

Dafu_la_Bamburi — Alhamisi, saa 2:40 usiku

Salaam aleikum wana jukwaa.

Nna laptopu ya HP EliteBook, mtumba wa Uingereza, na tangu niweke Linux Mint imetulia, sina ugomvi nayo. Sasa binamu yangu wa Mtwapa kanionyesha yale magemu ya kukesha mbele ya kamera. Wewe ni mlinzi wa zamu ya usiku, vyumba vinapita kimoja kimoja kwenye skrini, na kazi yako ni kugundua kilichobadilika: kiti kimesogea, picha ya ukutani imegeuka, mlangoni kasimama mtu ambaye punde tu hakuwapo. Nimelipenda sana. Wikendi ijayo watoto wa ami watalala kwetu na nimeshawaahidi tutacheza taa zikiwa zimezimwa.

Shida ni kuwa gemu ni la Windows. Mpaka sasa nimeona njia hizi:

Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, pamoja na hiyo kitu wanaita Proton, ya kufungulia magemu ya Windows kwenye Linux.

Binamu anitilie faili kwenye flashi, nilifungue kwa Bottles au Wine, programu za kuendeshea vitu vya Windows ndani ya Linux.

Fundi mmoja wa mjini kaniambia nimletee anirudishie Windows kwa KSh 1,500, eti "Linux si ya magemu."

Halafu kuna duka liko tayari kuchukua hii yangu, niongeze KSh 12,000, wanipe EliteBook "mpya zaidi."

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini?

TuxMvita — Alhamisi, saa 2:58 usiku

Aleikum salaam. EliteBook ipi? HP wametoa EliteBook miaka na miaka. Kusema "EliteBook" peke yake ni sawa na kumwambia makanga akushushe stejini. Fungua terminali utuletee majibu ya hizi:

lscpu | grep Model
lspci | grep VGA
free -h

Na jina la gemu. Bila hayo kila mtu hapa atakuuzia kile alicho nacho yeye.

Kidagaa_Likoni — Alhamisi, saa 3:05 usiku

Na kama ni SSD au ile diski ya kuzunguka. Na umri wa hao watoto wa ami! Wangu wa miaka saba aliona video ya gemu kama hilo kwa simu ya jirani, ikawa haendi msalani bila kusindikizwa.

Magemu ya aina hii yako mengi, Dafu. Liko Five Nights at Freddy's la Scott Cawthon, la mwaka 2014: mlinzi wa duka la piza, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na midoli ya duka inatembea. Kuna I'm on Observation Duty la Notovia, ambalo naona ndilo unaloeleza. Halafu The Exit 8 la Kotake Create, 2023, la Kijapani: hapo hukai kwenye kiti, unatembea kwenye njia ya chini ya ardhi, ukiona kioja unageuka nyuma, usipokiona unaendelea mbele mpaka ufike njia ya kutokea nambari 8.

Mimi nampenda Freddy. Stima ya ofisi ina kipimo. Ukifunga mlango inakula, ukifungua kamera inakula, ikiisha ni giza na unaliwa. Aliyebuni hilo gemu lazima aliwahi kuishi nyumba ya tokeni.

Abuu_wa_Tudor — Alhamisi, saa 3:21 usiku

Wanakuzungusha tu hawa. Gemu limeandikwa kwa Windows, weka Windows. KSh 1,500 ni nini? Ni nauli na chakula cha siku mbili. Mimi nimecheza magemu tangu enzi za saiba za Mwembe Tayari na sijawahi kuandika hata amri moja ya terminali. Mtu ataka kucheza, nyinyi mwampa mtihani.

TuxMvita — Alhamisi, saa 3:26 usiku

Amri tatu si mtihani, maalim.

Dafu_la_Bamburi — Alhamisi, saa 3:44 usiku

Shukran. Ni EliteBook 840. RAM yasema 7.6, nadhani ni 8. Ni SSD. Gemu ni hilo la Observation Duty, Kidagaa amepatia. Watoto mdogo wao ana miaka kumi na tatu, hamna shida.

TuxMvita — Alhamisi, saa 3:47 usiku

840 G ngapi, yaani toleo la ngapi? G1? G3? Hapo ndipo penye kesi yote. Na mbona lscpu hukuileta?

Nahodha_41 — Alhamisi, saa 4:02 usiku

G yoyote ile, ondoa Mint uweke Bazzite, Linux ya magemu. Msingi wake ni Fedora, Steam unaikuta ndani tayari, ukiwasha unaingia kwenye gemu moja kwa moja kama Steam Deck. Mint ni ya wazee wa kusoma gazeti.

TuxMvita — Alhamisi, saa 4:10 usiku

Nahodha, kila uzi wewe ni Bazzite. Mtu akiuliza printa, Bazzite. Distro, yaani aina ya Linux, haibadilishi chipu. Proton iliyo kwenye Bazzite ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye Mint, inatoka kwa Valve wenye Steam, wanayo tangu 2018. Tusubiri tujue mashine ni ipi.

Nahodha_41 — Alhamisi, saa 4:13 usiku

Kerneli mpya, Mesa (draiva za grafiki) mpya. Lakini sawa, wewe ndiye mufti.

Bi_Mapochopocho — Ijumaa, saa 1:15 asubuhi

Mimi magemu sichezi, hapa huja kwa mambo ya printa (na hapana, Nahodha, sikuweka Bazzite). Lakini hilo la "fundi mmoja wa mjini" limenishtua, na mwanangu Dafu nakuomba usome mpaka mwisho.

Napika vyakula vya shughuli. Harusi, maulidi, mikutano ya maofisi. Hesabu zangu zote zilikuwa kwenye laptopu: nani kaweka rubuni, nani kabakisha, sahani ngapi za biriani, nani kasema viazi karai viwe vya ukwaju na nani hataki ukwaju. Laptopu ilikuwa na Windows. Kijana wangu akataka Linux kwa masomo yake, nami nikamwambia iwekwe kwa sharti kuwa yangu ibaki. Tukaipeleka kwa fundi, duka simtaji mtu, na nikamwambia kwa mdomo wangu, mbele ya kijana: viwe viwili, Windows ibaki kama ilivyo. Akajibu, "Mama hiyo ni kazi ya saa moja."

Saa moja ikawa mpaka alasiri ya pili. Naenda kuichukua, yawaka vizuri, yang'aa, Linux tupu. Windows hamna. Namuuliza, anasema "ilikuwa na vairasi, nikaona niisafishe." Baadaye kijana alinionyesha: wakati wa kusakinisha huulizwa kama wataka mfumo mpya ukae pembeni ya ule uliopo, au diski ifutwe yote. Yeye alipiga kufuta. Kisha akaniuliza, Wallahi nakumbuka sauti yake, "Kwani mlikuwa na data?"

Ilikuwa wiki mbili kabla ya mwezi wa harusi. Nikakaa na daftari na taarifa ya M-Pesa, nikatafuta rubuni moja moja kwa jina. Walionilipa taslimu hao nilitegemea imani yao. Wengi walikuwa waungwana. Mmoja akaniapia kuwa alishamaliza kulipa, na mimi najua, na yeye anajua, na Mola anajua. Nikampikia. Pilau ya watu mia mbili, nikabaki na ukoko.

Na pesa ya ufundi alidai kamili.

Kwa hivyo yeyote utakayempelekea, simama naye. Usiondoke hata kununua maji.

Abuu_wa_Tudor — Ijumaa, saa 2:09 asubuhi

Pole Bi mkubwa. Lakini huyo ni fundi mbovu, si kosa la Windows.

TuxMvita — Ijumaa, saa 2:15 asubuhi

Pole sana Bi. Ila pia nakala ya faili kwenye diski ya nje ingekuwa...

Bi_Mapochopocho — Ijumaa, saa 2:16 asubuhi

Tux mwanangu, usimalizie.

Dafu_la_Bamburi — Ijumaa, saa 7:30 mchana

Pole Bi, imenitoa hamu ya fundi kabisa.

Nimepata: i5-4300U. Ile nyingine yasema Intel Haswell-ULT Integrated Graphics.

TuxMvita — Ijumaa, saa 8:20 mchana

Basi ni G1, chipu ya Intel kizazi cha nne, grafiki HD 4400. Sasa naweza kusema kitu.

Magemu mengi ya Windows huzungumza na chipu kwa lugha ya Direct3D. Proton, kupitia mkalimani wake DXVK, huigeuza hiyo kuwa Vulkan, lugha nyingine ya grafiki. Chipu ya Haswell ilitoka kabla ya Vulkan kuzaliwa, na draiva yake ya Linux haijawahi kuitimiza yote. Ukifungua kitu cha Vulkan hapo utaona onyo lenyewe: "Haswell Vulkan support is incomplete." Mengine yatafunguka, mengine yataganda kwenye weusi, mengine yatafunga bila hata kuaga.

Lakini usiikimbie njia ya Steam. Kwenye Steam, bonyeza gemu kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, sehemu ya amri za kuanzishia weka hii:

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Hapo unaacha Vulkan na kupita OpenGL, lugha ya zamani zaidi ambayo HD 4400 inaijua. Kasi inapungua, lakini hili si gemu la kukimbizana. Ni chumba kimekaa kimya na wewe unakitazama. Kwa gemu la kamera kupungua kasi hakukuumizi kama kwenye mpira.

Na usiogope kupoteza pesa. Steam wanarudisha ikiwa hujapitisha siku 14 tangu ununue na hujacheza kufika jumla ya saa 2. Nunua, jaribu usiku huo huo, likikataa dai chako. Kabla ya hapo tazama ProtonDB, watu wanaandika gemu lilivyowaendea pamoja na chipu zao. Usisome alama ya juu tu, tafuta mwenye Intel ya zamani kama yako.

Mambo mengine mawili. Steam uichukue kutoka kwa meneja wa programu wa Mint, ile ya kawaida ya deb. Ungekuwa Ubuntu ningekuonya kuhusu ile ya snap (aina nyingine ya kifurushi cha programu), hata Valve wenyewe mwaka 2024 waliwashauri watu waiepuke. Mint haina snap, umeokoka. La pili, kama una sehemu ya diski ya NTFS iliyobaki tangu enzi za Windows, usiweke magemu humo. Proton hutengeneza folda zenye alama ya nukta mbili ndani ya jina, na NTFS huleta matata.

Dafu_la_Bamburi — Ijumaa, saa 8:41 mchana

Kaka umenifungua macho. Na hilo la duka? Yule wa kuongeza KSh 12,000 asema ni 840 G3.

TuxMvita — Ijumaa, saa 8:50 mchana

Ikiwa kweli ni G3, ni kizazi cha sita, grafiki HD 520, Vulkan imekamilika. Proton itafanya kazi bila hizo hirizi za WINED3D. Lakini kwa gemu moja la usiku mmoja? Hapo ni mfuko wako.

Abuu_wa_Tudor — Ijumaa, saa 9:02 alasiri

Achukue G3, aweke Windows, amalize.

Nahodha_41 — Ijumaa, saa 9:05 alasiri

Windows gani Abuu? Microsoft walisitisha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi yataka Intel kizazi cha nane kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. G3 ni kizazi cha sita. G1 ndiyo usiseme. Kwa hiyo fundi wa KSh 1,500 atamwekea nini? Atamwekea 10 isiyo na masasisho, au 11 ya kulazimisha.

Abuu_wa_Tudor — Ijumaa, saa 9:11 alasiri

Ya kulazimisha inafanya kazi. Mimi naitumia.

Nahodha_41 — Ijumaa, saa 9:12 alasiri

Sasa nani anayetoa mtihani?

Kidagaa_Likoni — Ijumaa, saa 9:30 alasiri

😂😂 Abuu kakamatwa kwenye feri na tikiti ya jana.

Dafu, kulipa Steam: bei zinakuja kwa dola. Mimi natumia M-Pesa GlobalPay, inakupa namba ya kadi ya Visa, unaijaza kama kadi ya benki. Magemu haya si ghali. Freddy wa kwanza na Exit 8, bei yake ya kawaida haifiki dola 5, na kukiwa na mauzo ya msimu hushuka zaidi. Hata hivyo anza kupakua usiku wa kuamkia, usingoje watoto wamekaa ndipo bando lianze kukuhesabia.

Lakini kama una binamu ana faili kwenye flashi kwa nini ununue? Bottles, unaliburuta, kwisha.

TuxMvita — Ijumaa, saa 9:48 alasiri

Faili la flashi lilitoka wapi? Mtu aliyevunja kufuli la gemu hakufanya sadaka. Na msidhani Wine ni ukuta. Wine ya kawaida inaifanya diski yako yote ionekane kama herufi Z: kwa hiyo programu ya Windows yenye nia mbaya inaziona picha zako, stakabadhi zako, kila faili ambalo wewe mwenyewe unaweza kulifungua. Bottles ya Flatpak (aina ya kifurushi cha programu) imezungushiwa ua, afadhali kidogo, lakini watu hulivunja ua wenyewe kwa kuipa ruhusa ya folda zote ili flashi ionekane.

Bottles ni nzuri kwa kitu ulichonunua mahali pengine pasipo Steam. Kwa faili la binamu, hapana.

Kidagaa_Likoni — Ijumaa, saa 9:55 alasiri

Sikusema limevunjwa. Nimesema flashi.

Ustadhi_Kibokoni — Ijumaa, saa 12:50 jioni

Vijana, mnashughulika na chipu, hamjauliza la msingi. Watoto wamekaa gizani, usiku wa manane, wakitafuta kwa macho yao kiumbe kisichokuwapo ndani ya chumba. Hapa Mji wa Kale tulilelewa tusipige mluzi usiku, tusimpige paka usiku, tusiitikie jina tukiitwa mara moja. Nyinyi mwalipa dola mtishwe.

Kidagaa_Likoni — Ijumaa, saa 1:02 usiku

Ustadhi, paka wa Kibokoni hata mchana hapigiki. Wale wana kamati.

Nahodha_41 — Ijumaa, saa 1:08 usiku

Kweli ile sheria ya kuitwa mara moja nyanya yangu alikuwa nayo. Lakini ukiitika mara ya tatu ulikuwa unapigwa kwa kuchelewa.

MlinziShimanzi — Ijumaa, saa 4:35 usiku

Nimecheka peke yangu kazini. Wakuu, mimi hilo gemu ndiyo mshahara wangu. Ghala, Shimanzi, zamu ya usiku, skrini moja imegawanywa kamera 16. Niko hapo sasa hivi.

Ustadhi, nikupe cha kwako kwanza. Kamera za usiku hutoa mwanga wa infraredi ambao sisi hatuuoni. Wadudu huifuata kamera, na buibui huwafuata wadudu. Akijenga utando mbele ya lenzi, ule uzi unapigwa na mwanga unakuwa mweupe kama shuka, na upepo wa bahari unautingisha. Yeye mwenyewe akipita, kwa kuwa yuko karibu na lenzi, anaonekana mkubwa kuliko lori. Mwenzangu mgeni alikimbia hadi getini akisema kuna bibi amevaa kanzu anaelea juu ya makontena. Tulichukua fagio, tukamtoa bibi. Siku hizi kabla ya magharibi napitia kamera zote na fagio la kuti.

Sasa Dafu, ya gemu. Nimelicheza kwa mpwa wangu na nitakwambia kinachowaangusha watu. Wanatafuta mtu wa kutisha. Mtu wa kutisha hujitokeza mwenyewe, hana haja ya kutafutwa. Kinachokumaliza ni chungu cha maua kilichopungua, kochi lililosogea kidogo, taa iliyozimika chumba cha mwisho. Mwanzoni mwa zamu ndipo pa kukariri: kila chumba kihesabu vitu kutoka mlangoni kuzunguka kwa upande mmoja, na mpangilio huo usiubadilishe mpaka asubuhi. Hivyo ndivyo nifanyavyo hapa. Ukirukaruka kamera, ubongo unajaza wenyewe kile unachodhani kipo.

Na usiripoti kwa kubahatisha. Kule ripoti inataka uchague chumba na aina ya kioja, na ukikosea muda unapotea huku vingine vinarundikana. Vikizidi, zamu imekwisha. Hapa nikikosea naandikiwa barua tu.

TuxMvita — Ijumaa, saa 4:52 usiku

Mlinzi, hii ndiyo posti bora ya mwaka.

Nikuongezee Dafu kitu ambacho hakuna anayekitaja: skrini. 840 G1 nyingi zilizokuja huku zina paneli ya TN ya 1366 kwa 768. Ile ukiitazama kwa pembeni au kutoka juu, weusi unageuka kijivu, vivuli vinayeyuka. Gemu lote hili ni vivuli. Wewe uliyekaa katikati utaona, watoto wa ami walio pembeni watakuwa wanabishana na ukungu. Kama una TV, unganisha. G1 ina DisplayPort, si HDMI, kwa hiyo tafuta kigeuzi mapema. Usiende kukisaka Jumamosi usiku.

Na usishushe mipangilio ya picha mpaka chini kabisa ili upate kasi. Ukiondoa vivuli unaweza kuondoa na kioja chenyewe.

MlinziShimanzi — Ijumaa, saa 4:58 usiku

Swadakta. Mwangaza pia usiuzidishe. Mpwa wangu aliuweka juu mpaka ikawa mchana, akaona kila kitu na hakuogopa chochote. Alafu akasema gemu ni baya.

Ustadhi_Kibokoni — Ijumaa, saa 5:10 usiku

Hilo la buibui nimelisikia. Lakini si kila kilichoonekana ni buibui.

MlinziShimanzi — Ijumaa, saa 5:12 usiku

Ustadhi nimebaki na saa saba humu ndani peke yangu. Nihurumie.

Abuu_wa_Tudor — Jumamosi, saa 3:40 asubuhi

Mwisho wa yote Dafu hajasema amechagua nini.

Dafu_la_Bamburi — Jumamosi, saa 6:25 mchana

Nilikwenda dukani kuitazama hiyo G3. Muuzaji kaniwashia, ilikuwa na Windows, nikamwomba niangalie mfumo. Yasema i5-5300U. Nje kibandiko ni G3. Nikamuuliza, kasema "hizi ni zile zile."

Pia jana watoto wa ami wamebadilisha. Sasa wataka mpira, EA FC. Je, hilo Proton inafungua?

TuxMvita — Jumamosi, saa 6:33 mchana

5300U ni kizazi cha tano, hiyo ni 840 G2 imevaa kanzu ya G3. Ondoka hapo. G3 ya kweli itakuonyesha i5-6200U au 6300U.

EA FC za karibuni, hapana. Zina mlinzi wa kuzuia udanganyifu anayekaa ndani kabisa ya Windows, na Linux haikubaliwi. Hata ungekubaliwa, HD 4400 isingeuvuta ule mpira.

Abuu_wa_Tudor — Jumamosi, saa 6:35 mchana

NILISEMA WINDOWS.

Nahodha_41 — Jumamosi, saa 6:37 mchana

Abuu, soma sentensi ya mwisho tena. Chipu haivuti. Windows itaivuta kwa kamba?

Abuu_wa_Tudor — Jumamosi, saa 6:41 mchana

Kuna mpira wa zamani. FIFA ya miaka ile ya nyuma, inaingia kwa RAM ya 4. Watoto hawajali majina ya wachezaji.

Kidagaa_Likoni — Jumamosi, saa 6:44 mchana

Watoto hawajali majina ya wachezaji??? Abuu, hao watoto umewakuta wapi. Wangu anajua hadi mshahara wa kipa wa akiba.

Bi_Mapochopocho — Jumamosi, saa 7:20 mchana

Dafu, hao watoto wa ami ni wangapi na umewaandalia chakula gani? Nna sambusa za nyama na za dengu, oda mwisho Ijumaa jioni.

Dafu_la_Bamburi — Jumamosi, saa 8:05 mchana

Bi nitakutumia ujumbe inshallah. Ni sita.

Nimeshaweka Steam, ila gemu bado sijalipia. Nafikiria kwanza niongeze RAM iwe 16, halafu hilo la laptopu nitaliangalia mwisho wa mwezi. Au nianze na kigeuzi cha TV?

TuxMvita — Jumamosi, saa 8:11 mchana

RAM haitakusaidia kitu kwa Vulkan. 8 zatosha kwa gemu hili. Na ukinunua, G1 inatumia DDR3L, G3 ni DDR4, kwa hiyo ukija kubadilisha mashine hiyo RAM haihami nawe. Weka pesa. Nunua kigeuzi.

Nahodha_41 — Jumamosi, saa 8:15 mchana

RAM haijawahi kumdhuru mtu. Chukua 16.

Mgeni_Changamwe — Jumamosi, saa 10:02 jioni

Habarini, mimi ni mpya. Natafuta DDR3L ya 8, kijiti kimoja, laptopu yangu yazima yenyewe. Nani anayo?

Kidagaa_Likoni — Jumamosi, saa 10:09 jioni

Laptopu gani?